Kupita uwanja wa ndege wa Dubai (DXB): maoni yangu kwa wenye mizigo, wenye koneksheni (wanaobadilisha ndege pale) na wazee wanaofuata watoto ughaibuni

Niseme mapema kabisa, huu uwanja mimi naukubali. Vibao vinasomeka, vyoo ni visafi hata saa tisa usiku, foleni hata ikiwa ndefu inasogea, na ukimuuliza mfanyakazi njia anakuelekeza mpaka uelewe. Lakini nimeamua kuandika kwa sababu kila nikipita pale naona watu wetu, wa Dar, wa Mombasa, wa Kampala, wa Bujumbura, wamepiga magoti mbele ya kaunta mabegi yamefunguliwa chini, nusu ya duka iko nje, watoto wanalia, na ukikaa ukasikiliza tatizo lao ni nini unakuta halikuanzia uwanjani kabisa. Limeanzia kwenye tiketi waliyonunua, kwenye viza, kwenye dawa walizobeba, au kule Deira, mtaa wa maduka wa Dubai, walipofunga mzigo. Uwanja wenyewe ni mrahisi kuliko watu wanavyouogopa, kinachotuumiza ni mambo ya kabla, kwa hiyo maoni yangu mengi ni ya huko kabla.

Kwanza ujue unaenda mahali pa namna gani. Ulifunguliwa mwaka 1960 ukiwa na njia ya kurukia ya mchanga ulioshindiliwa, leo ndiyo uwanja unaopitisha abiria wengi wa kimataifa kuliko wote duniani na umekaa hapo juu tangu 2014. Mwaka 2024 walipita abiria milioni 92.3. Na wote hao wanatumia njia mbili tu za kurukia! Huo wingi ndio unaoeleza kila kitu utakachokutana nacho, kwa nini geti linafungwa bila huruma, kwa nini begi lenye umbo la ajabu linakataliwa, kwa nini hakuna wa kukusubiri. Saa za msongamano ni usiku wa manane mpaka alfajiri, maana ndege nyingi za Afrika, Asia na Ulaya zinakutana hapo muda huo huo, na sisi wa Afrika Mashariki mara nyingi tunaangukia humo humo.

Tiketi yako inasema uwanja gani?

Hii watu wanaidharau sana. Ukiona DXB ndiyo huu ninaouzungumzia, uko katikati ya mji kabisa, jirani na Deira na Garhoud. Ukiona DWC huo ni Al Maktoum, uko mbali huko upande wa Jebel Ali, na ukiona SHJ huo ni Sharjah, ambayo siyo hata Dubai, ni emireti nyingine. Tiketi ya bei chee inaweza kukushusha Sharjah halafu ndege ya kuendelea inaondokea DXB, na kwa paspoti zetu hapo huwezi kutoka nje kuhama bila viza. Bei uliyookoa inaisha palepale. Afu tiketi za kununua mbili mbili tofauti, moja ya Dar mpaka Dubai na nyingine ya Dubai mpaka Guangzhou, zisikutie tamaa kama huna viza mkononi, maana begi lako linaweza kuishia Dubai na wewe uko ndani huwezi kulifuata. Tiketi iwe moja mwanzo mpaka mwisho, na pale Dar au Nairobi wakikubandikia tagi kwenye begi isome kabla halijaondoka kwenye mkanda, iwe imeandikwa mji unaoishia siyo DXB. Sekunde chache tu hizo.

Ukishajua ni DXB, angalia terminali. Zipo tatu. Terminal 3 ni ya Emirates pamoja na baadhi ya ndege za flydubai, ni jengo la kutisha kwa ukubwa, lilifunguliwa 2008 na ni miongoni mwa majengo makubwa kabisa duniani ukipima eneo la sakafu. Terminal 1 ni ya mashirika mengi ya nje. Terminal 2 ndiyo nyumba ya flydubai na iko upande wa pili wa njia za kurukia, yaani ukishushwa na teksi Terminal 3 wakati ndege yako iko 2 huwezi kuvuka kwa miguu, inabidi uzunguke kwa barabara, na kwenye foleni ya magari ya Dubai hiyo ni roho juu. Flydubai ndiyo inayochanganya zaidi kwa sababu ipo kote kote 2 na 3, kwa hiyo usiende kwa mazoea ya safari iliyopita, soma tiketi ya safari hii.

Kitu kingine, saa. Dubai wako mbele ya Dar, Nairobi na Kampala saa moja, na tiketi inaandikwa kwa saa za masaa 24. Ikiandikwa tarehe 15 saa 02:30 maana yake ni saa nane na nusu usiku, ule usiku unaoanza jioni ya tarehe 14. Unatakiwa uwe uwanjani tarehe 14 kabla hata ya saa sita usiku. Watu wazima na akili zao wanakuja kesho yake na mzigo wao wote wanakuta ndege imeshaondoka jana. Mwandikie mama yako kwenye karatasi kwa Kiswahili, "Jumatano usiku saa nne tunatoka nyumbani", basi.

Viza na karatasi

Mtanzania, Mkenya, Mganda, wote viza tunaomba kabla. Ukipita tu ndani bila kutoka nje huhitaji viza, unafuata vibao vya koneksheni unapita ukaguzi unaenda geti lako. Ukitaka kutoka, zipo viza za transiti za saa 48 na saa 96, na zinaombwa mapema kupitia shirika la ndege, usitarajie kufika pale na kuipata dirishani. Ya kutembelea unaweza kupata kwa shirika, hoteli au wakala, na hapo kwa wakala nawasihi sana ndugu zangu, soma jina na namba ya paspoti kwenye hiyo viza herufi kwa herufi, maana mtambo wa pale hausomi huruma na herufi moja ikipishana unasimamishwa Dar hata Dubai huioni.

Tangu 2024 ukaguzi wa wenye viza za kutembelea umekazwa, unaweza kuulizwa tiketi ya kurudi, mahali pa kulala na pesa ya kujikimu, kiasi kilichokuwa kinatajwa ni dirham 3,000. Chapisha. Simu inaisha chaji, waifai inagoma, karatasi haigomi. Na ukizidisha siku za viza faini ni dirham 50 kwa kila siku, unalipa ukiwa unaondoka, na hiyo inakula kabisa faida ya mzigo.

Wafanyabiashara mnaobeba keshi: ukiwa na zaidi ya dirham 60,000 au thamani yake kwa dola, hiyo unatakiwa uitangaze kwa forodha wa kule. Kuingia nayo siyo kosa, kosa ni kuinyamazia. Pia angalia sheria ya nchi unayotoka nayo.

Vitu vya kutobeba kabisa

Hapa naomba unisome taratibu kwa sababu gharama yake siyo faini, ni jela. Miraa, mirungi, gomba, vyovyote unavyoiita kwenu, kule ni dawa ya kulevya iliyopigwa marufuku. Hata kama ni kidogo cha kutafuna njiani, hata kama umebebeshwa na jirani umpelekee mwanae, usiguse. Bangi vilevile na mafuta yake yote, hata yale yanayouzwa madukani Ulaya kama tiba.

Halafu dawa za hospitali. Tramadol na zenye codeine, ambazo kwetu mtu anaandikiwa na kuzimeza tu bila wasiwasi, kule ni dawa zinazodhibitiwa, na ukizibeba unatakiwa uwe na kibali. Serikali yao ina fomu ya mtandaoni ya kuombea kibali cha dawa binafsi kabla ya safari, unaambatanisha cheti cha daktari. Wazee wetu wenye maumivu ya mgongo na magoti wanakuwa nazo nyingi kwenye pochi bila hata kujua jina lake, kwa hiyo wewe mtoto unayempeleka mzee mkague kwa heshima, msomee majina ya dawa zote moja moja, na zile anazohitaji zikae kwenye pakiti zake zenye lebo, siyo kwenye kikopo cha zamani cha mafuta ya nywele.

Na usibebe kifurushi cha mtu usichokifungua mwenyewe. "Nipelekee tu huu unga kwa dada" hapana, kaka, ufunguliwe mezani tuone wote.

Kama unapita tu

Ukishuka na Emirates uko ndani ya Terminal 3, ambayo ina majengo yenye herufi A, B na C. Geti lako lina herufi mbele, A10, B22 na kadhalika, hiyo herufi ndiyo ramani yako. Kati ya A na B kuna treni ya ndani ya bure. B na C zimeungana unatembea. Kutoka C mpaka A ni safari, usiichukulie kama kutoka sebuleni kwenda jikoni, weka nusu saa na zaidi kama una mtoto au mzee. D ni ya Terminal 1, nayo ina treni yake inayokupeleka kwenye mageti.

Kabla ya kuingia eneo la mageti wenye koneksheni wanakaguliwa upya, ndiyo, hata kama umekaguliwa Dar. Maji uliyonunua njiani yanabaki hapo, pafyumu na mafuta ya zaidi ya mililita 100 pia. Asali ya Tabora na samli ya bibi weka kwenye begi la chini tangu nyumbani, na uifunge vizuri.

Geti linaweza kubadilika ukiwa umekaa. Macho kwenye skrini, usisubiri kusikia jina lako likiitwa kwenye spika. Emirates wanafunga geti dakika 20 kabla ya kuondoka na wakifunga wamefunga, hata kama unaiona ndege kwa dirishani na unawapungia mkono. Mimi napenda nikifika tu niende kwanza mpaka geti lenyewe nilione kwa macho, ndipo nirudi kutembea madukani nikiwa najua njia ni dakika ngapi.

Ukiwa na masaa mengi ya kusubiri. Kama tiketi yako ni ya Emirates na hakukuwa na ndege ya karibu zaidi ya kukuunganisha, ulizia huduma yao inaitwa Dubai Connect, inakupa hoteli, chakula na usafiri, viza ikiwemo kama inahitajika, lakini ina masharti kutegemea tiketi yako na inaombwa kabla ya siku ya safari. Wengi wetu tunalala kwenye viti masaa kumi na mbili kwa sababu tu hatukuuliza. Kama huna hiyo, ipo hoteli ndani ya eneo la transiti, Dubai International Hotel, hutoki nje wala huhitaji viza ila bei yake siyo ya kitoto, na kuna vijumba vya kulala vya sleep 'n fly unavyolipia kwa masaa. Launji za Marhaba pia unaweza kulipia mlangoni hata kama tiketi yako ni ya daraja la kawaida, unakula, unaoga, unachaji. Ukijumlisha bei ya milo miwili ya migahawa ya pale ndani utaona launji kwa kusubiri masaa mengi inalipa. Kwa masaa mawili matatu haina maana.

Chakula ni ghali, hilo sitaficha, tofauti na kule mjini, hapa unaambiwa bei unarudia kuuliza. Kwa hiyo mimi na watoto tunabeba vyetu, mandazi, karanga, chapati zilizokunjwa na mayai, vitu vikavu vinapita ukaguzi bila neno. Chupa tupu ya maji unapita nayo halafu unajaza kwenye mabomba ya maji ya kunywa ndani. Sehemu za kuswalia zipo kila upande, za wanaume na za wanawake, na sehemu ya kutawadhia, safi kabisa, na huo ni uzuri mkubwa wa huu uwanja kwetu Waislamu, huhitaji kuhangaika kutafuta kona. Kuchaji hakuna tabu, soketi zao ni zile zile za pini tatu za Kiingereza kama zetu. Pawabenki lakini ujue, kuanzia Oktoba 2025 Emirates wanaruhusu moja tu, isiyozidi wati-saa 100, na ndani ya ndege huruhusiwi kuitumia wala kuichaji. Ikae kwenye begi la mkononi, isiwekwe begi la chini hata siku moja.

Waifai ya uwanja ni ya bure na ina kasi. Sasa hapa kuna jambo linalowatia watu hofu bure. WhatsApp ya kupiga, sauti au video, kule haipiti. Meseji zinakwenda, sauti za kurekodi zinakwenda, picha zinakwenda, ila ukipiga itaita tu au itakata. Mama yupo Tabata anaona mtoto hapokei, huku mtoto naye anafikiri mama hapokei, presha inapanda pande zote mbili. Kubalianeni kabla: nikifika Dubai nitatuma sauti, usinipigie.

Kwa wazee. Nasema hii kwa moyo wote kwa sababu akina mama wengi sa hivi wanakwenda Canada, Uingereza, Marekani kuona wajukuu, na wengine hiyo ndiyo safari yao ya kwanza ya ndege. Omba kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi au siku kadhaa kabla, hata kama bibi anatembea vizuri. Haongezewi pesa. Anapokelewa mlangoni mwa ndege, anapitishwa ukaguzi, anasukumwa mpaka geti la pili, hatafuti treni wala herufi. Mwambie tu asiwe na aibu ya kukaa kwenye hicho kiti na asiinuke kwenda dukani peke yake akiwa ameachwa sehemu ya kusubiria, maana wakirudi wasipomkuta ndiyo mwanzo wa kumtafuta. Mvalishe shingoni karatasi ndogo yenye jina lake, namba za ndege zote mbili, na namba ya mtu wa kule anakoenda. Na ndani ya mkoba wake wa mkononi kaa naye mpange dawa za siku mbili tatu na kanga ya kubadili. Aprili 2024 mvua kubwa ilinyesha Dubai, kwa siku moja maji yalijaa mpaka kwenye njia za ndege na watu walikwama siku kadhaa. Dawa za presha zikiwa kwenye begi la chini huzipati.

Ukitoka kwenda mjini

Metro, sina cha kuongeza wala kupunguza. Stesheni ipo Terminal 1 na ipo Terminal 3, laini nyekundu. Terminal 2 haina ya mlangoni. Unanunua kadi ya nauli inayoitwa nol dirishani, ile ya rangi ya fedha (Silver) ni dirham 25 na ndani yake kuna 19 za kutumia, safari moja ni kati ya dirham 3 na 7.5 kutegemea umbali. Kwenda Deira kwa wafanyabiashara, panda mpaka Union, pale unahamia laini ya kijani inayoelekea Creek, unapita Baniyas Square, Gold Souq, Al Ras. Humo humo ndimo hoteli zetu, kago zetu, migahawa ya wali na samaki, na ukitembea barabara za Naif utasikia Kiswahili kinaongewa mpaka ujisahau.

Ila metro ina ratiba. Jumatatu mpaka Alhamisi ni saa kumi na moja alfajiri mpaka saa sita usiku, Ijumaa inakwenda mpaka saa saba usiku, Jumamosi inarudi saa sita, na Jumapili inaanza saa mbili asubuhi. Ndege yako ikitua saa tisa usiku hiyo sahau. Pia wana kikomo cha mabegi, moja kubwa na moja dogo kwa mtu, na ukila au kunywa ndani faini ni dirham 100, hata bigijii. Kuna behewa la wanawake na watoto, baba usiingie humo kwa haraka haraka, nalo lina faini.

Teksi za uwanjani zinaanza na dirham 25 kwenye mita kabla hata hamjaondoka, tofauti na za barabarani, lakini Deira ni karibu kwa hiyo mkiwa wawili watatu na mabegi bado inalipa. Wanawake wanaosafiri peke yao, zipo zenye paa la pinki zinazoendeshwa na wanawake. Mtu anayekufuata ndani kukuambia "teksi, teksi, bei poa" mpite, foleni rasmi iko nje na inakwenda haraka.

Pesa badilisha kidogo tu uwanjani ya kukufikisha, nyingine ukabadilishe Deira. Dirham imefungwa kwa dola, 3.6725 kwa dola moja tangu 1997, haipandi haishuki, kwa hiyo dola 100 ni kama dirham 367 kabla hawajakata chao. Mtu akikupa 330 unajua amekula kiasi gani.

Kurudi na mzigo, sasa hapa ndipo penye kazi

Uzito kila mtu anaujua, kilo. Kinachowaangusha watu ni umbo. Tangu Machi 2017 DXB hawapokei begi la duara au lisilo na umbo, kila begi linatakiwa liwe na angalau upande mmoja ulionyooka bapa. Sababu ni mitambo, chini ya ule uwanja kuna kilomita na kilomita za mikanda inayosukuma mabegi yenyewe, begi la mviringo linabiringika, kamba inanasa, mkanda unasimama na maelfu ya mabegi nyuma yake yanasimama. Mimi sheria hiyo naielewa na naona ni ya haki. Lakini ukweli ni kwamba imetugusa sisi kuliko mtalii mwenye begi la magurudumu, kwa sababu mzigo wa Deira kiutamaduni ni furushi, shangazi kaja limejazwa mpaka limekuwa tikiti maji, limezungushiwa kamba ya manila na selotepu. Hilo halipiti. Utaambiwa ulipie kuliweka kwenye boksi pale pale, saa sita usiku, una usingizi, na dirham zako za mwisho ulishazimalizia kwenye viatu.

Kwa hiyo fungia Deira. Vijana wa kufunga mzigo wapo, maboksi mazuri ya kadibodi ngumu yapo, sema unataka boksi la ndege lenye pande bapa, hakuna kamba zinazoning'inia. Nguo zifinywe kwenye mifuko ya kutoa hewa halafu zilale bapa. Begi moja lisizidi kilo 32 kwa hali yoyote ile, hata kama uko tayari kulipia ziada, haliruhusiwi maana kuna mwanadamu analiinua. Na angalia tiketi yako inahesabu nini, nyingine zinahesabu idadi ya mabegi, mfano mawili ya kilo 23 kila moja, nyingine zinahesabu jumla ya kilo. Kama ni mawili ya 23, kuja na moja la 30 na lingine la 16 hakukusaidii, utaambiwa uhamishe, na hao ndio wale ninaowaona chini wamepiga magoti. Nunua mizani ndogo ya kuning'iniza, inauzwa kila duka pale Naif, itakurudishia pesa yake siku hiyo hiyo.

Hesabu nyingine: kilo za ziada uwanjani ni ghali kuliko kulipia mapema mtandaoni, na zote mbili ni ghali kuliko kago. Kago ya ndege ya wenzetu wa Deira inakufikishia Kariakoo au Eastleigh kwa siku chache. Kitu kizito cha bei ndogo, viatu, vyombo, mapazia, kipeleke kago. Begi lako la ndege weka vitu vyepesi vya thamani na vile vya haraka ambavyo mteja ameshalipia. Simu na laptopu ziwe mkononi na risiti zake ziwe karibu, maana forodha ya nyumbani nayo inakusubiri.

Fika masaa matatu kabla, ukiwa na maboksi fika manne. Na kuna kitu cha kufanya KABLA ya kukabidhi mabegi, ambacho karibu kila mtu wetu anakiacha. Kodi ya VAT kule ni asilimia 5 na tangu Novemba 2018 mgeni wa matembezi anaweza kurudishiwa sehemu yake. Ukinunua kwenye duka lililomo kwenye mpango, kuanzia dirham 250, unatoa paspoti, wanakuunganishia risiti na tagi yao. Uwanjani unaenda kwenye mashine au kaunta za Planet, kampuni inayorudisha hiyo kodi, unaskani, ukichaguliwa kukaguliwa unaonyesha vitu vyenyewe, ndiyo maana usiwe umeshavipeleka kwenye mkanda. Unapata sehemu kubwa ya hiyo VAT, wanakata dirham 4.80 kwa kila tagi. Tuseme umenunua mzigo wa dirham 1,000 bei ya mwisho, inakurudia kama dirham 35. Siyo pesa ya kujengea nyumba, ila mwenye manunuzi ya dirham 10,000 anapata zaidi ya 350 na hiyo ni teksi, chakula na boksi la mzigo. Vitu ulivyopeleka kago havihesabiki, lazima utoke navyo mwenyewe ndani ya siku 90. Siyo kila duka limo, yale ya jumla uliza kabla hujalipa, maana wakishakuandikia risiti ya kawaida hakuna wa kuibadilisha pale uwanjani.